Uzi wa Kushikiza

Mama alikuwa na charahani pale Sabasaba,
na kabla ya kushona alishikiza kwanza:
uzi mweupe, mishono mirefu ya harakaharaka,
kitambaa kitulie, kisimkimbie mkononi.
Nguo ikishasimama aliuchomoa ule uzi,
akauviringa kidoleni, akautupa.
Vitambaa vingine vilibaki na vitundu.
Hilo wateja hakuwaambia.

Mimi ndiye huo uzi.
Barua ya mratibu ilisema kwa adabu:
mwalimu wa muda, darasa la awali, Kigwe,
hadi Mwalimu Nyemo atakapotoka uzazi.
Miezi mitatu. Chaki, pakiti mbili.

Siku ya kwanza walinitazama
kama mgeni aliyekalia kigoda cha mwenye nyumba.
Sabini na wanne, mkeka mmoja na nusu,
upepo wa Julai unamwaga vumbi dirishani.
Nikasema, hamjambo watoto?
Kimya.
Kisha kimoja, kamasi mpaka mdomoni,
kikanisahihisha:
"Mwalimu huwa anaanza na wimbo."
Wimbo gani?
"Ule."

Nikauimba ule, nisioujua.

Kazi nilijifunza kwa kukosea.
Kwamba visoda vya kuhesabia hukaa kwenye kopo la maziwa,
na vyekundu ni vya Lusito peke yake, usiulize.
Kwamba Mbeleje haitiki akiitwa,
huitika akiguswa bega.
Kwamba treni ya mizigo ikipita saa tatu na nusu
hakuna herufi yenye ubavu wa kuwazuia:
wote dirishani,
na wale ambao kwa visoda hukwama kwenye tano
kwa mabehewa wanafika ishirini na moja.
Nikaacha kupigana na treni.
Nikaipangia kipindi.

Sakalani alikuja na Kigogo kitupu
na shati lisilo na kifungo.
Mimi nilikuwa na Kiswahili kitupu
na pini.
Kila asubuhi namfunga shati,
naye ananilipa neno:
mbukwenyi, kwanza,
kisha neno la mbuzi, neno la mvua,
na neno la kitu fulani alichonionyesha nje ya uzio
ambacho hadi leo sijui kilikuwa nini,
mdudu, au kivuli chake.

Posho ya kamati ilichelewa kama mvua za huku.
Mama Lusito aliniletea mlenda mkavu kwenye gazeti,
akanitazama juu mpaka chini:
"Umekonda, mwalimu, au ndivyo ulivyo?"

Mwezi wa tatu Sakalani aliandika *a* uwanjani, kwa kidole,
*a* yenye mkia mrefu kama wa ndama.
Nikaizungushia mawe upepo usiichukue.
Upepo ukaichukua.
Akaandika nyingine, bila kuniangalia,
kama mtu anayefunika sufuria.

Jumatatu Mwalimu Nyemo akarudi, mtoto mgongoni.
Sabini na wanne walimkimbilia.
Mkeka ulibaki na mimi.
Sikuona wivu.
Naongopa. Niliona kidogo,
kama mchanga ndani ya kiatu.
Nikamkabidhi kopo, daftari la mahudhurio,
na habari ya treni.
Akacheka: "Kumbe na wewe ilikushinda?"
Pini niliisahau.
Ilikuwa kifuani pa mtu, imeshika shati.

Sasa niko Ihumwa. Mwalimu wao anaumwa mgongo.
Daftari jingine, mwandiko mwingine, wimbo mwingine
ambao nao huitwa *ule*.
Leo nikiita majina ulimi ukateleza:
"Sakalani?"

Wakatazamana.
Wakageuka, wakaangalia mpaka nyuma ya mlango.
Ndipo kasichana ka mbele, kwa huruma,
kakanijibia kwa niaba ya darasa zima:
"Hajaja, mwalimu.
Labda kesho."